Usalama wa Mtandao Usiwe Siri ya Wachache

Miongoni mwa wote wanaoishi kwa simu na kompyuta nchini Kenya, hapana anayekitumia Kiswahili kwa ufanisi kumshinda tapeli. Ujumbe wake ni mfupi, maneno yake ni ya kila siku, na humfikia mtu katika lugha anayoielewa barabara: "Ile pesa tuma kwa namba hii." Anapompigia mzazi simu usiku kumwambia kwamba mwanawe aliye katika shule ya bweni amelazwa hospitalini na fedha za matibabu zinahitajika mara moja, hanukuu kifungu cha sheria wala hatumii istilahi za kitaalamu. Kwa upande wa pili, sheria inayomkataza kufanya hivyo, sera inayodai kutukinga naye, na mijadala ya wataalamu juu ya yote hayo, aghalabu huandikwa na kuendeshwa kwa Kiingereza cha mawakili na wahandisi. Anayetuibia huzungumza nasi. Anayetulinda huzungumza na wenzake.

Nasema hivi kwa sababu suala la usalama wa mtandao limekwisha kuwa suala la siasa, uchumi na haki za raia, wala si la mafundi pekee. Hoja yangu ni kwamba Afrika Mashariki inahitaji jumuiya ya kudumu ya watafiti, walimu, wanasheria, wahandisi na raia wa kawaida, itakayochunguza sera za usalama wa mtandao na kuzijadili hadharani, na kwamba jumuiya hiyo haitasimama iwapo haitazungumza Kiswahili.

Tuanzie Doldol. Mji huu mdogo wa Laikipia Kaskazini, penye Wamaasai wa Mukogodo, hautajwi katika makongamano ya teknolojia. Hata hivyo, tangu M-Pesa ilipoanzishwa Machi 2007, simu imekuwa mkoba na benki ya watu wa sehemu kama hii. Mfugaji huuza mbuzi akalipwa kwa simu. Karo ya mtoto hulipwa kwa simu. Cheti cha kuzaliwa na leseni ya biashara huombwa kwa njia ya mtandao. Mtu ambaye hajawahi kuketi mbele ya kompyuta ana mali na siri zake ndani ya kompyuta za wengine. Zikivunjwa, hasara yake si ndogo kuliko ya tajiri wa Nairobi. Huenda ni kubwa zaidi, maana hana wakili wala meneja wa benki wa kumpigia simu.

Wenyeji wa Mukogodo wana somo la kutupa juu ya ulinzi. Katika boma la Kimaasai, kila mwenye mji huwajibika kwa sehemu yake ya ua wa miiba, naye ana lango lake la kuingizia mifugo. Simba hachagui lango la mwenye ng'ombe wengi. Huingia penye mwanya, na akishaingia, zizi zima liko hatarini. Kwa hiyo ua haumhusu mmoja. Ukiachwa sehemu moja kwa kudhaniwa kwamba aliye hapo ni maskini au mjinga, umeachwa wote. Hivyo ndivyo mitandao ya kompyuta ilivyo, na ndiyo maana sera inayowasahau watu wa Doldol haiwezi kuwalinda watu wa Nairobi.

Wengine walitutangulia katika kulitambua hilo. Umoja wa Ulaya uliunda wakala wake wa usalama wa mtandao, ENISA, mwaka 2004. Lakini kilichoiamsha Ulaya hasa ni yaliyoipata Estonia mwaka 2007. Serikali ya nchi hiyo ilipoihamisha sanamu ya askari wa Kisovieti kutoka katikati ya mji mkuu wa Tallinn, tovuti za serikali, za benki na za magazeti zilishambuliwa kwa wiki kadhaa kwa wingi wa maombi bandia yaliyozizidi nguvu. Nchi yenye watu wapatao milioni 1.3 tu ingaliweza kuona haya na kunyamaza. Haikufanya hivyo. Mwaka uliofuata ilichapisha mkakati wake wa taifa wa usalama wa mtandao, na mjini Tallinn kikaanzishwa kituo cha utafiti cha mataifa ya NATO. Kituo hicho kilianza kuwakutanisha wanajeshi, wanasheria, wahandisi na wanazuoni katika makongamano ya kila mwaka, na mwaka 2013 kikatoa kitabu cha wataalamu wa sheria za kimataifa juu ya vita vya mtandao, ambacho hata wasiokubaliana nacho hulazimika kukisoma.

Hayo hayakuletwa na amri moja ya Brussels. Yalikua kidogo kidogo: mikutano ya kila mwaka, majarida, mashindano ya vijana, na mwezi mzima wa Oktoba ambao tangu mwaka 2012 Ulaya imeutenga kwa elimu ya umma kuhusu usalama wa mtandao. Sheria zilifuata mjadala, nazo zikazaa mjadala mwingine. Agizo la kwanza la Ulaya nzima kuhusu usalama wa mitandao lilipitishwa mwaka 2016. Lilipoonekana kuwa na mianya, likafuatwa na jingine mwaka 2022. Watafiti walipolalamika kwamba wanaogopa kushtakiwa wanapogundua kasoro katika mifumo ya watu na kutoa taarifa kwa nia njema, Ubelgiji iliwawekea kinga ya kisheria kuanzia Februari 2023, kwa masharti maalumu. Watu walibishana, wakaandika, wakasikilizwa. Hiyo ndiyo maana ya jumuiya.

Je, sisi tuna nini? Si kweli kwamba hatuna kitu. Nairobi iliandaa mkutano wa kwanza wa Afrika Mashariki juu ya utawala wa intaneti mwaka 2008, na mwaka 2011 ikaupokea ule wa dunia nzima ulio chini ya Umoja wa Mataifa. Vyuo vyetu vikuu vimeunganishwa kwa mtandao wa KENET tangu mwaka 1999. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikubali mwongozo wa sheria za mtandao mwaka 2010. Umoja wa Afrika ulipitisha Mkataba wa Malabo juu ya usalama wa mtandao na ulinzi wa data mwezi Juni 2014. Lakini mkataba huo ulingoja hadi Juni 2023 kuanza kufanya kazi, kwa kuwa ilichukua miaka tisa kupata nchi 15 za kuuridhia. Miaka tisa katika mambo ya kompyuta ni umri mzima wa kizazi.

Wakati huohuo, sheria za nchi mojamoja zilikwenda mbio. Uganda ilitunga yake mwaka 2011, Tanzania mwaka 2015, Kenya mwaka 2018. Tazama kilichofuata. Sheria ya Kenya ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ilitiwa saini Mei 2018. Kabla ya mwezi huo kwisha, Mahakama Kuu ikavisimamisha kwa muda vifungu 26 kwa ombi la Chama cha Wanablogu. Februari 2020 mahakama hiyo ikaitupa kesi na vifungu vikapata uhai tena, na walalamishi wakaenda Mahakama ya Rufaa. Oktoba 2025 Rais William Ruto akatia saini marekebisho ya sheria hiyohiyo. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha baadhi yake kwa muda. Nchini Uganda, Januari 2023, Mahakama ya Kikatiba ilikifuta kifungu kilichoharamisha mawasiliano ya kuudhi, kwa hoja kwamba hakieleweki mipaka yake.

Mahakama zimefanya wajibu wao. Lakini mahakama ni mahali pa kuamua ugomvi, si mahali pa kufikiria sera kwa mara ya kwanza. Mahali ambapo Ulaya iliweka semina, tafiti na mabishano ya miaka, sisi tumeweka hati za kiapo. Mjadala wetu huanza baada ya saini ya rais, nao huendeshwa na watu wachache mbele ya jaji mmoja.

Mfano mwingine uko karibu zaidi. Mwishoni mwa Juni 2023 serikali ilitangaza kwamba huduma 5,000 za umma zimewekwa katika mfumo wa eCitizen. Haikupita miezi miwili. Mwishoni mwa Julai mfumo huo ulishambuliwa na kundi lililojiita Anonymous Sudan, kwa mbinu ileile ya kuuzidi nguvu iliyotumika Estonia. Waziri wa Mawasiliano wakati huo, Eliud Owalo, alithibitisha shambulio na kusema kwamba hakuna data iliyopotea. Wananchi walikwama kwa siku kadhaa. Oktoba 2024 waendesha mashtaka wa Marekani walitangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili raia wa Sudan kuhusiana na kundi hilo. Estonia, tukio lao liliwazalia kituo, mkakati na kitabu. Sisi, tukio letu lilizaa vichekesho vya wiki mbili, kisha kimya. Mwanafunzi anayetaka kuandika tasnifu juu ya siku hizo, kwa Kiswahili, ataanzia wapi?

Na yale ya Worldcoin? Mwaka 2023 maelfu ya vijana walipiga foleni Nairobi wakapigwa picha za mboni za macho kwa ahadi ya sarafu za kidijitali zenye thamani ya shilingi elfu chache. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo Agosti mwaka huo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data iliyokusanywa ifutwe. Tuwe waadilifu: vijana wale hawakuwa wapumbavu. Walikuwa na njaa, na hapakuwa na mtu aliyewaeleza katika lugha yao kwamba neno la siri likiibwa hubadilishwa, lakini jicho halibadilishwi.

Hapa ndipo mwanaisimu anapoomba nafasi ya kusema. Kuna wanaodhani kwamba Kiswahili kitaingizwa katika mjadala huu mwishoni, kama tafsiri ya kijitabu cha kugawia umma. Naamini kinyume chake: lugha hii inaweza kuinoa sera yenyewe. Chukua neno usalama. Kwetu neno hili moja hubeba ulinzi dhidi ya adui na pia hali ya kutodhurika. Kwa hiyo mtu akisema "usalama wa mtandao" huku akimaanisha tu nguvu za polisi za kuchunguza simu za raia, msikilizaji wa Kiswahili ana haki ya kumuuliza: usalama wa nani? Chukua pia faragha na siri. Siri ni jambo lililofichwa. Faragha ni nafasi ya mtu kuwa peke yake, hata kama hana la kuficha. Yule anayesema kwamba asiye na hatia hana haja ya kuogopa kupelelezwa amevichanganya viwili hivi, na Kiswahili humsahihisha papo hapo.

Ama sheria ya mwaka 2018 ilivyopitishwa, kifungu cha 22 kiliweka adhabu ya faini ya hadi shilingi milioni 5 au kifungo cha hadi miaka miwili kwa kuchapisha habari zisizo za kweli, na cha 23 kikafikisha kifungo miaka kumi pale habari hizo zinapozusha hofu au kuharibu sifa ya mtu. Lau mswada ule ungalijadiliwa kwa Kiswahili, lingalizuka mara moja swali lisilokwepeka: ni uongo, uzushi, uvumi, au kukosea? Mwongo anajua ukweli akaupinda. Mzushi hubuni. Mwenye kupitisha uvumi huenda anauamini. Aliyekosea hakukusudia. Haya ni makosa manne yenye uzito tofauti, na lugha yetu imeyatenga tangu kale. Mbunge ambaye angeulizwa swali hilo na mwalimu katika mkutano wa hadhara pale Nanyuki au Doldol angerudi Nairobi akiwa na mswada bora.

Najua majibu yatakayotolewa. La kwanza ni kwamba Kiswahili hakina istilahi. Jibu hilo ni la zamani na limechoka. Tangu Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 hadi taasisi za leo, istilahi hazikuwahi kushuka kutoka mbinguni. Zilizaliwa palipokuwa na haja ya kusema. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa programu za ofisi za OpenOffice kwa Kiswahili, nao walilazimika kuyapatia maneno mambo mengi ambayo hayakuwa na majina. Neno udukuzi, lenye nasaba na tendo la kusikiliza maongezi ya watu kwa siri, sasa limo vinywani mwa watangazaji kwa maana ya kuingilia kompyuta za watu. Wasemaji walilihitaji, wakalipata.

La pili ni kwamba hata Ulaya watafiti hukutana na kuandika kwa Kiingereza. Ni kweli, kwa sehemu kubwa. Lakini sheria za Umoja wa Ulaya hutolewa katika lugha 24 rasmi, na mojawapo ni Kimalta, lugha ya kisiwa chenye watu wapatao nusu milioni. Mmalta anaweza kulisoma agizo la mwaka 2022 juu ya usalama wa mitandao katika lugha ya mamaye. Kiswahili chenye wasemaji makumi ya mamilioni kina udhuru gani? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 7, inakitaja kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi sawia na Kiingereza. Tanzania ilikwisha kukifanya lugha ya sheria na mahakama mwaka 2021. Kisheria, mlango uko wazi. Kilichobaki ni miguu ya kuuingia.

La tatu ni zito zaidi: kwamba ulinzi una siri zake, na ukiujadili hadharani umemfunza adui. Kwamba zipo siri za ulinzi, hapana shaka. Hapana anayetaka maneno ya siri ya Wizara ya Fedha yabandikwe ukutani. Lakini kuna tofauti kati ya siri ya ufunguo na siri ya sheria. Nani achunguzwe, kwa idhini ya nani, data ya mtoto ikae wapi na kwa muda gani, mtafiti aliyegundua kasoro alindwe vipi: hayo ni maswali ya umma. Adui hafaidiki chochote tukiyajibu vizuri, hufaidika tusipoyajibu.

Basi tufanye nini? Kwanza, vyuo vikuu vilivyouzunguka Mlima Kenya vianze bila kungoja Nairobi. Dedan Kimathi ya Nyeri ina wahandisi. Karatina, Chuka, Meru na Laikipia zina walimu na watafiti wa fani mbalimbali. Idara za Kiswahili, sheria na kompyuta ziandae kongamano la kila mwaka, kwa Kiswahili, likizunguka miji yetu, na makala zake zichapishwe. Baadaye wenzetu wa Dar es Salaam, Zanzibar, Kampala na Bukavu waalikwe.

Pili, Bunge lisiuite ushirikishaji wa umma kuwa umekamilika kwa mswada wowote unaohusu mtandao kabla mswada huo haujatolewa kwa Kiswahili. Mwananchi hawezi kushirikishwa katika jambo ambalo hakulisoma.

Tatu, sheria zetu zimtenge waziwazi mtafiti mwema na mwizi. Sheria ya 2018, katika kifungu cha 14, iliweka faini ya hadi shilingi milioni 5 au kifungo cha hadi miaka mitatu kwa kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini. Mwanafunzi hodari aliyeona mwanya katika tovuti ya shule yake anahitaji njia ya kuuripoti bila kutetemeka.

Nne, na hapa nawageukia walimu, jumuiya hii ianzie darasani. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Ni walimu wakuu wangapi waliijadili habari hiyo na wenzao? Vyama vya Kiswahili shuleni, ambavyo vimezoea kujadili iwapo mji ni bora kuliko shamba, vijadili kama serikali iruhusiwe kufunga mtandao wakati wa mtihani au wa uchaguzi. Wanafunzi wakusanye ujumbe wa matapeli uliowafikia jamaa zao, wafute majina na namba, wauchambue: ni maneno gani hutumiwa kumtisha mtu, yapi humharakisha, yapi humbembeleza? Hiyo ni kazi ya isimu, ni kazi ya usalama, nayo haihitaji hata kompyuta moja.

Msitu wa Mukogodo una onyo lake kwa anayedhani kwamba lugha inaweza kuachwa nje ya mambo ya wakati bila madhara. Wayaaku, wawindaji na wafuga nyuki wa msitu huo, walikuwa na lugha yao ya Kikushi. Walipoanza kufuga ng'ombe katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, mambo mapya ya maisha yao, yaani mifugo, mahari na heshima ya mtu mbele ya watu, yalizungumzwa kwa Kimaasai. Kiyaaku kilibaki na nyuki na msitu, kisha kikabaki na wazee, na sasa wanaokijua wanahesabika. Lugha haifi kwa kukosa maneno. Hufa inapoachwa nje ya mambo yanayoamua maisha ya watu. Kiswahili hakikaribii hatari hiyo, lakini kinaweza kubaki lugha ya soko na nyimbo huku mamlaka juu ya maisha yetu yakiendeshwa kwa lugha nyingine. Hapo kitakachopotea ni uwezo wa raia kujua anachofanyiwa.

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Wahandisi wana kinga chao, mawakili wana chao, walimu nao wana chao. Kila kimoja peke yake hutoa moshi tu. Wanafunzi wanaoyasoma haya wataishi maisha yao yote ndani ya mitandao hii, na sheria zinazotungwa leo zitawakuta watu wazima. Wasingoje kualikwa. Wadai kusoma, wadai kuuliza, na wadai kujibiwa kwa lugha wanayoielewa.